Sayari nne za HR 8799: uchambuzi wa video ya obiti ambazo hazijakamilika

Vitone vinne vya nuru vinalizunguka duara jeusi. Vinakwenda kinyume na mwendo wa saa, bila muziki wala maelezo marefu. Kuna tarehe inayobadilika pembeni na mstari mfupi wa kipimo unaoonyesha vizio 20 vya astronomia, yaani mara 20 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kitone cha ndani kabisa kinakwenda mbio kuliko vingine, cha nje kinajikokota. Sekunde chache baadaye video inafika mwisho na kuanza upya.

Hiyo ni video ya nyota HR 8799 iliyosambaa mwanzoni mwa mwaka 2017. Aliyeitengeneza ni Jason Wang, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alitumia picha zilizopigwa na Christian Marois na wenzake kuanzia 2009 kwa darubini ya Keck, yenye kioo cha mita 10, juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Mwaka 2023 Wang, safari hii akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, alitoa toleo refu zaidi: miaka 12 iliyobanwa ndani ya sekunde 4.5.

Sehemu kubwa ya kile mtazamaji anachokiona humo haikupigwa picha na mtu yeyote. Hata hivyo, naihesabu video hii kuwa miongoni mwa kazi za kweli kabisa zilizowahi kufanywa katika sanaa ya anga. Mambo hayo mawili hayapingani, na inafaa kuonyesha kwa nini, maana wengi wanaochora obiti kwa uhuishaji hukosea palepale ambapo video hii ilipatia.

Picha kabla ya mwendo

HR 8799 iko katika kundinyota la Pegasus, takriban miaka nuru 133 kutoka kwetu. Masi yake ni kama mara moja na nusu ya Jua, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 30 hadi 40, kwa nyota huo ni uchanga mtupu. Tarehe 13 Novemba 2008 kundi la Marois lilitangaza sayari tatu zinazoizunguka, zikapewa herufi b, c na d. Ya nne, e, ilitangazwa mwaka 2010. Herufi hufuata mpangilio wa kugunduliwa, kwa hiyo hapa zinakwenda kinyumenyume: e ndiyo ya ndani, kwenye vizio kama 16 kutoka kwa nyota, na b ndiyo ya nje, karibu na vizio 70. Neptun, sayari yetu ya mwisho, iko kwenye vizio 30. Kila moja kati ya hizi nne ni jitu la gesi lenye masi mara kadhaa ya Mshtarii.

Kuna mambo mawili yaliyoifanya video iwezekane, na yote mawili ni hali ya mfumo wenyewe. La kwanza ni joto. Kwa kuwa sayari hizi ni changa, bado zina moto wa kuzaliwa kwake, karibu kelvini 1,000, hivyo zinang'aa zenyewe katika mawimbi ya infraredi, nuru ya joto isiyoonekana kwa macho, bila kutegemea nuru ya nyota. La pili ni mwelekeo. Mfumo huu umetugeukia karibu uso kwa uso, umeinama kwa nyuzi 27 hivi tu. Mtu anayetazama gurudumu kutoka ubavuni huona kila kitu kikienda na kurudi kwenye mstari mmoja, lakini akisimama mbele yake huona mzunguko. Kwa HR 8799 sisi tumesimama mbele.

Mfumo wetu wenyewe hatujawahi kuuona hivyo, kwa sababu tumo ndani yake. Kutoka hapa Mirihi huonekana ikisonga mbele kati ya nyota, ikisimama, ikirudi nyuma, kisha ikiendelea. Mwanaastronomia Johannes Kepler ilimbidi achimbue umbo la njia ya Mirihi kutoka kwenye vipimo vya mwenzake Tycho Brahe, na jibu alilolichapisha mwaka 1609, kwamba njia hiyo ni duaradufu, lilikuwa tunda la hesabu nyingi za mkono. Hakuna mtu aliyeliona. Ukifikiria hilo ndipo unapoelewa kwa nini vitone vinne vyenye ukungu viliwagusa watu kiasi kile: kanuni iliyoishi kwenye karatasi kwa miaka mia nne inaonekana ikitendeka kwenye jua la wengine.

Kuzipata sayari hizo kwenye picha si jambo jepesi. Nyota inazizidi mwangaza kwa maelfu mengi ya mara, na nuru yake inayovuja ndani ya darubini hutengeneza madoadoa yanayofanana kabisa na sayari. Marois alichangia sana kukuza mbinu inayotumia mzunguko wa Dunia kuyaondoa. Darubini huachwa bila kusahihisha kuzunguka kwa anga ndani ya kamera. Usiku unavyosonga, sayari halisi huhama polepole kuizunguka nyota kwenye picha, ilhali madoadoa yanayosababishwa na vioo vya darubini hubaki mahali pake. Kinachobaki mahali pake kinatolewa, kisha picha zinageuzwa ili zilingane, na sayari zinajitokeza. Kwa hiyo hata picha moja tu ya mfumo huu ni zao la kompyuta. Anayelalamika kwamba uhuishaji "umechezea" picha halisi ajue kwamba hapakuwahi kuwa na picha ambayo haikufanyiwa kazi.

Fremu ambazo hazikupigwa

Tuje kwenye kiini cha kisa. Video inayotiririka vizuri inahitaji fremu, yaani picha moja moja zinazoiunda, 24 au 30 kwa sekunde. Hata sekunde nne zinadai fremu karibu mia moja au zaidi. Picha halisi zilizotumika katika toleo la 2017 hazikufika kumi, zikiwa zimetawanyika katika miaka saba. Yaani fremu zaidi ya tisa katika kila kumi zilijazwa na programu iliyokokotoa wapi kila kitone kingekuwa kati ya picha moja na inayofuata.

Je, ni uongo? Tupime kwa namba. Sayari e inamaliza mzunguko mmoja kwa takriban miaka 50. Katika miaka saba inasafiri kama nyuzi 50 za duara, na kati ya picha mbili zilizopishana mwaka mmoja inasafiri nyuzi saba hivi. Kwenye duara la nusu kipenyo cha vizio 16, tofauti kubwa kati ya kupita kwenye tao na kukata njia ya mkato kwa nyuzi saba ni karibu sehemu tatu za mia za kizio kimoja. Linganisha na ukubwa wa kitone. Kwa mawimbi ya infraredi ya takriban mikromita 4 (sehemu nne za milioni za mita), kioo cha mita 10 hakiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya vizio vitatu kwa umbali huo. Kosa la juu kabisa la kujaza kati ya picha ni mara mia dogo kuliko kitone chenyewe. Hakuna jicho litakaloliona.

Sasa chukua picha ya kwanza na ya mwisho peke yake, uunganishe kwa mstari ulionyooka. Kwa nyuzi 50 njia ya mkato inaliacha tao kwa kizio kimoja na nusu, nusu nzima ya upana wa kitone. Mtazamaji angeiona sayari ikiingia ndani kuelekea nyota kisha ikatoka tena, jambo ambalo halikutokea. Mbinu ni ileile. Tofauti ni wingi wa picha halisi zinazoishikilia. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama fremu za kukokotoa zinaruhusiwa, mimi humuuliza: picha zako za kweli zimepishana kiasi gani ukilinganisha na mwendo wenyewe?

Jibu hubadilika kabisa ukihamia nyota nyingine. S2 ni nyota inayozunguka tundu jeusi kuu katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, na mzunguko wake huchukua miaka 16 hivi. Obiti yake imerefuka sana. Mwezi Mei 2018 ilipita vizio takriban 120 tu kutoka kwenye tundu hilo, kwa kasi iliyozidi kilomita 7,000 kwa sekunde, na ndani ya miezi michache ikawa imegeuka upande wa pili. Kwa sehemu kubwa ya miaka 16 hiyo, picha moja kwa mwaka inatosha. Lakini anayetumia mwendo sawa kati ya picha za kila mwaka wakati nyota inapita karibu ataikatia kona, na ataificha kasi ambayo ndiyo habari yenyewe. Waliofuatilia S2 walilijua hilo, wakaongeza vipimo mwaka ule. Kazi ya miongo mingi ya kufuatilia nyota za eneo hilo ndiyo iliyowapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020. Obiti za HR 8799, kwa upande wake, zinakaribia kuwa duara, na mwendo juu yake haubadiliki sana. Wang alikuwa na mfumo unaosamehe.

Siku ileile ya Novemba 2008

Kuna kisa cha pili kinachopaswa kusimama kando ya hiki. Siku ileile sayari tatu za HR 8799 zilipotangazwa, kundi jingine lilitangaza kitone karibu na nyota Fomalhaut, iliyo miaka nuru 25 tu kutoka hapa. Kilionekana kwenye picha za darubini ya Hubble za mwaka 2004 na 2006, kikiwa kimesogea kidogo. Picha iliyosambazwa ilionyesha nafasi hizo mbili, na haikuchukua muda vichwani mwa watu obiti nzima ikachorwa, ikipita ndani ya ukanda mzuri wa vumbi unaoizunguka nyota hiyo.

Vipimo vilivyofuata havikuikubali njia hiyo. Kitone kilionekana kikienda kwenye njia iliyorefuka mno, baadaye kikafifia, na kufikia picha za 2014 hakikuonekana tena. Mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke walichapisha hoja kwamba huenda hakikuwa sayari tangu mwanzo, bali wingu la vumbi lililotokana na kugongana kwa miamba miwili, likawa linatawanyika.

Fremu za HR 8799 zinakaa katikati ya vipimo viwili, kimoja nyuma na kimoja mbele, na zikikosea, kipimo kinachofuata kinazirudisha mahali pake. Obiti iliyofikiriwa ya Fomalhaut ilienda mbele ya kipimo cha mwisho, pasipo na kitu cha kuirudisha. Nasema kwa uzito wote kwamba hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama zinatumia programu ileile na zinaonekana sawa kwenye skrini. Kujaza pengo ni kusoma data. Kurefusha njia ni kutabiri, na utabiri sharti uvae vazi lake: mstari wa nukta, rangi iliyofifia, kundi la njia nyembamba zinazotawanyika kadiri uhakika unavyopungua, chochote, mradi mtazamaji ajue kwamba amevuka mpaka.

Wang hakuzifunga obiti. Lingekuwa jambo rahisi, na lingependeza zaidi. Kompyuta ingeziendesha sayari nne mizunguko mia, zikipishana kwa uwiano wa karibu moja kwa mbili kwa nne kwa nane, ambao ni kweli kuhusu mfumo huu na unavutia ajabu. Yeye alisimama pale data iliposimama. Sayari b, inayohitaji zaidi ya miaka 400 kwa mzunguko mmoja, inasogea nyuzi chache tu na video inakatika. Kujizuia huko ndiko ninakokuita sanaa.

Nyota iliyofungwa katikati

Kuna uamuzi mmoja ambao karibu hakuna anayeutambua: nyota haitembei. Kwenye video iko palepale, katikati ya duara jeusi linaloficha nuru yake. Angani haiko hivyo. HR 8799 inasogea mbele ya nyota za mbali kwa karibu 0.12 ya sekunde ya pembe kila mwaka (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Sayari e, iliyo na kasi kuliko wenzake, inazunguka kwa chini ya nusu ya mwendo huo, na b kwa takriban moja ya tano. Katika miaka saba nyota yenyewe imehama kwa kiasi kinachokaribia umbali unaoonekana kati yake na sayari c.

Kama Wang angeifunga kamera kwenye anga badala ya kuifunga kwenye nyota, tungeona familia nzima ikiteleza kuelekea upande mmoja, na mzunguko ungekuwa kipindapinda kidogo juu ya mteremko huo. Ingekuwa kweli vilevile. Tena mteremko huo wa pamoja ndio uliowahakikishia wagunduzi kwamba hivi si vinyota vya nyuma vilivyoangukia karibu kwa bahati, maana vinasafiri na nyota hatua kwa hatua. Kwa ushahidi, basi, kamera iliyofungwa angani ina nguvu zaidi, na kwa kuonyesha obiti ile iliyofungwa kwenye nyota ndiyo inayofaa. Ningependa kuona matoleo yote mawili kando kwa kando, kwa sababu mwanafunzi akiona mwendo mmoja ukigeuka kuwa mwingine kwa kubadilisha tu mahali pa kusimama, ameelewa mvutano mzima wa Ptolemy, aliyeiweka Dunia katikati, na Copernicus, aliyeliweka Jua.

Mambo ambayo video inayakosea

Sifa hizi zisifiche kasoro zake. Ukubwa wa vitone ndiyo kubwa zaidi. Kitone kina upana wa vizio vitatu hivi. Sayari ya upana wa Mshtarii haifiki sehemu moja ya elfu ya kizio. Kila tunachokiona kimevimba maelfu ya mara kutokana na kioo cha darubini kueneza nuru, na sayari yenyewe ikichorwa kwa kipimo sahihi haitajaza hata pikseli moja. Watazamaji wengi hudhani wanaona umbo la sayari. Neno moja fupi chini ya video lingewaondolea dhana hiyo.

Rangi ya chungwa imechaguliwa, kwa kuwa infraredi haina rangi kwa macho yetu. Hilo halinisumbui sana.

Kinachonisumbua ni kurudia. Video fupi za namna hii hujirudia bila kikomo, na ikifika mwisho vitone vinaruka ghafla kurudi mahali vilipoanzia. Mtu asiyetazama tarehe anaweza kuamini ameona mzunguko kamili, au kwamba sayari zinayumba kama pendulamu. Kusimama kwa sekunde moja kwenye picha ya mwisho kungetosha. Kasi nayo inastahili kuelezwa: kwa toleo la sekunde 4.5, kila sekunde inabeba karibu miaka miwili na miezi minane. Kwa mwendo huohuo e ingehitaji sekunde 19 hivi kuzunguka mara moja, na b karibu dakika tatu. Namba hizo mbili zinamfundisha mtu sheria ya tatu ya Kepler, kwamba sayari iliyo mbali zaidi huchukua muda mrefu zaidi kuzunguka, haraka kuliko ukurasa wa maelezo.

Ningeongeza pia alama ndogo, labda duara la kijivu linalowaka kwa kitambo, kila mara fremu inapokuwa picha halisi. Isingeharibu uzuri. Ingempa mtazamaji mapigo ya data ndani ya mwendo, aone mahali kilipo kipimo na mahali ilipo hesabu.

Swali la mwaka 1998

Anayetaka kuiendeleza kazi hii atakutana na jaribu lenye utamu wa kweli. Darubini ya Hubble iliitazama HR 8799 mwaka 1998, miaka kumi kabla ya ugunduzi, na hakuna aliyeona kitu. Mbinu mpya za kuondoa nuru ya nyota zilipotumika kwenye faili hizo za zamani, sayari b ikapatikana mwaka 2009, kisha c na d mwaka 2011. Zilikuwa zimelala kwenye kumbukumbu muda wote. Kwa hiyo video inaweza kuanza 1998 badala ya 2009, na muda wake ukarefuka kwa miaka 11 kwa mkupuo mmoja.

Kwa b jibu ni jepesi: katika miaka 11 inasogea chini ya nyuzi kumi, na hakuna hatari ya kujaza pengo lake. Kwa d, inayozunguka kwa takriban miaka 100, pengo ni nyuzi 40 hivi, na hapo lazima kujaza kufuate tao la obiti iliyokokotolewa, si mstari ulionyooka. Picha za Hubble nazo zina ukungu wa upana tofauti na wa Keck, kwa hiyo zisawazishwe kwanza, la sivyo kitone kitaonekana kikivimba au kunywea njiani na mtu atadhani sayari imebadilika.

Tatizo ni e. Mwaka 1998 ilikuwepo, na obiti yake inajulikana vya kutosha kuirudisha nyuma kwa hesabu, lakini haimo katika vipimo hivyo. Kuiweka kama kitone kamili ni kuipa ushahidi isio nao. Kuiacha nje kabisa kunamfanya mtazamaji afikiri imezaliwa 2009. Mimi ningeichora kama duara tupu, mzingo mwembamba usio na nuru ndani, ikipita kwenye njia yake kwa miaka yote ile, na ningelijaza nuru siku ya picha ya kwanza ya Keck iliyoinasa.